Kuiingiza kampuni kongwe kwenye mitandao ya kijamii: mwongozo kamili kutoka Kizota, Dodoma

Siku ya kwanza kazini nilipewa meza, kiti chenye mguu unaoyumba na maagizo ya mstari mmoja: "Tufungulie mitandao." Kiwanda kinakamua alizeti Kizota tangu enzi za faksi. Hakiuzi chupa ya lita moja kwa mama wa nyumbani. Kinauza mafuta kwa wasambazaji wanaopakia madumu mia tano kwa safari, mashudu (makapi yanayobaki alizeti ikishakamuliwa) kwa watengenezaji wa chakula cha mifugo wanaohesabu kwa tani, na mafuta ghafi kwa wenye mitambo ya kusafishia. Mteja mmoja mkubwa akihama, pengo lake unaliona kwenye mishahara ya mwezi unaofuata.

Kabla ya kufungua chochote nikapita ghalani kusalimia. Karani wa mizani alikuwa anapiga picha karatasi ya uzito na kumtumia mteja wa Babati kwa WhatsApp. Meneja wa ghala alikuwa na grupu la madereva. Mhasibu alipokea picha za hati za benki kwenye simu ileile iliyojaa picha za harusi ya dada yake. Kampuni niliyoambiwa niipeleke mtandaoni ilikuwa imeshafika miaka mingi kabla yangu. Ila simu, laini, majina ya wateja na mazungumzo yote vilikuwa mali ya watu binafsi, na mkurugenzi hakuwa na habari.

Ninaandika kwa ajili ya yule aliyepewa kazi kama yangu: kiwanda, msambazaji wa nondo na saruji, muuzaji wa pembejeo, kampuni ya malori, popote pale mteja ni kampuni nyingine. Hatua nimezipanga kwa mpangilio nilioufuata mara ya pili. Mara ya kwanza nilianza na bango la rangi tano la "Tunawatakia Wiki Njema", likapendwa na watu kumi na wanne, kumi na mmoja kati yao wakiwa wafanyakazi wenzangu.

Hatua ya 1: Hesabu kilichopo

Nunua kaunta buku. Kwa wiki mbili usiposti chochote, zunguka tu: mauzo, ghala, mizani, uhasibu, getini. Waulize watu maswali wanayotumiwa na wateja kwenye simu zao, kisha andika tarehe, swali, nani alijibu, na ilichukua muda gani. Usiombe kushika simu ya mtu. Mwombe akusomee.

Watakuogopa. Wataamini umetumwa na utawala kuwachunguza. Mimi nilisaidiwa na salamu tu: "Mbukwenyi" ya Kigogo asubuhi kwa wazee wa ghalani, kikombe cha chai, na kukaa kwenye gunia badala ya kusimama na daftari kama mkaguzi. Siku ya tatu karani wa mizani mwenyewe aliniita: "Njoo uone hili swali, huyu jamaa anauliza kila Jumatatu."

Wiki mbili zikiisha utashangaa maswali yalivyo machache. Kwetu yalikuwa sita: bei ya leo ni ngapi, mzigo upo, gari limetoka, naomba profoma (ankara ya awali, kabla ya malipo), naomba cheti cha maabara, na akaunti ya benki ni ipi. Kila nilichokuja kuandika baadaye kilitoka kwenye maswali hayo sita. Ya kwako yatakuwa mengine; muuza nondo ataulizwa vipimo na kama bei inajumuisha usafiri hadi saiti ya Mtumba. Yaandike kama wateja wanavyoyasema, kwa maneno yao, na makosa yao ya tahajia usiyaguse.

Hatua ya 2: Mkurugenzi

Usimpelekee idadi ya wafuasi wa kampuni fulani ya Dar. Ataangalia, atatikisa kichwa, atasema, "Kijana, wateja wangu hawapo Instagram." Na kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Hakuna afisa ununuzi anayeamka asubuhi akaagiza tani thelathini za mashudu kwa sababu ameona picha nzuri.

Mpelekee kaunta buku. Mwoneshe ukurasa mmoja wa siku moja: maswali ishirini na mangapi, yamejibiwa na simu za nani, mangapi yamelala hadi kesho yake. Halafu mkumbushe kisa ambacho kila kampuni kongwe inacho. Cha kwetu kilikuwa afisa mauzo wa njia ya Singida. Aliondoka na laini yake, kwa sababu ilikuwa yake kweli, aliisajili kwa alama za vidole vyake mwenyewe. Akaenda kwa mshindani. Mwaka mzima baadaye wateja wa Manyoni na Ikungi waliendelea kumpigia wakidhani wanapiga kwetu, naye hakuwa na sababu ya kuwasahihisha. Hakuiba kitu. Kampuni ndiyo iliyomwachia ghala lake la wateja kwenye mfuko wa shati.

Niliposimulia hilo, mzee alivua miwani akauliza, "Wapo wangapi wengine wenye laini kama hiyo?" Nikamwambia tisa. Mazungumzo ya Instagram yakaishia hapo, yakaanza mazungumzo ya laini.

Omba vitu vinne, vyote kwa maandishi: laini iliyosajiliwa kwa jina la kampuni, simu janja moja nzuri inayobaki ofisini, bando la mwezi lisilotoka mfukoni mwako, na mtu mmoja wa mauzo atakayetoa nusu saa asubuhi na nusu saa jioni. Bajeti ya matangazo usiiombe sasa. Utapewa kidogo, haitazaa kitu, na utanyimwa mwakani ukija na sababu nzuri.

Hatua ya 3: Kamisheni kwanza, teknolojia baadaye

Hapa ndipo wengi wanakwama, na sijawahi kuona mshauri yeyote akipagusa. Wauzaji hawataipenda laini ya kampuni. Watasema wateja wao ni watu wazima, wanapenda kuongea na mtu wanayemjua. Kweli, lakini chini yake kuna hoja nyingine hawaisemi: mteja akiandika kwenye laini ya ofisi, kamisheni inakwenda kwa nani?

Malizeni hilo kabla ya kuwasha simu. Sisi tuliandika kanuni ya sentensi mbili, mkurugenzi akaisaini: mteja wa Singida ni wa afisa wa Singida hata akiandika kupitia ofisini, na kamisheni yake haiguswi; mteja mpya kabisa anakwenda kwa afisa wa eneo analotoka, naye anatakiwa kumpigia ndani ya siku hiyohiyo. Basi. Kesho yake afisa aliyekuwa mkali kuliko wote kwenye kikao alileta majina ya wateja wake kwenye karatasi mbili, mbele na nyuma.

Mzee wa mauzo, yule mwenye miaka ishirini kazini asiyependa kuandika ujumbe mrefu, usimlazimishe kuandika. Ana kitu usichonacho: anajua nani analipa kwa wakati, nani hukorofisha mizani, nani ukimkosea salamu unapoteza oda. Mrekodi sauti. Andika anachosema. Kila jibu lenye uzito lipite kwake kwanza.

Hatua ya 4: Laini ya kampuni na WhatsApp Business

Kama una nguvu ya kufanya jambo moja tu katika mwongozo huu, fanya hili.

Weka WhatsApp Business kwenye ile simu ya ofisini. Jaza wasifu wote: jina kamili lililosajiliwa, mahali kilipo kiwanda, saa za kazi, na sentensi moja inayosema mnauza nini na kwa nani. "Tunauza kwa jumla kuanzia tani moja" itakuokoa na mamia ya watu wanaotafuta lita tano. Unaweza kuunganisha vifaa vingine vinne na akaunti hiyo, kwa hiyo kompyuta ya mauzo na ya mhasibu zinaona mazungumzo yaleyale bila simu kutembea. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha namba ya siri iandikwe kwenye karatasi, itiwe kwenye bahasha na ifungiwe kwenye kasiki la mhasibu. Ukiiweka kichwani mwako tu, umerudia kosa la afisa wa Singida.

Tengeneza lebo za mazungumzo kulingana na safari ya oda kwenu. Zetu ni: Anauliza bei, Profoma imetumwa, Amelipa, Gari njiani, Lalamiko. Jioni, kabla ya kufunga, anayehusika anapitia "Profoma imetumwa" na kuuliza kwa adabu waliokaa kimya siku tatu. Sehemu kubwa ya oda tulizozipata mwezi wa kwanza zilitoka kwenye kimya hicho. Watu walikuwa wamesahau tu.

Orodha ya matangazo ya WhatsApp inabeba watu 256 kwa orodha, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Ndiyo maana kazi ya mwezi wa kwanza ni kuwafanya wateja waihifadhi. Ichapishe kwenye ankara, kwenye profoma, kwenye hati ya kupokelea mzigo, mlangoni mwa lori. Mwambie dereva amkabidhi mpokeaji karatasi na kusema, "Mama, namba ya ofisi ni hii, ihifadhi." Dereva ni mtangazaji mzuri kuliko ukurasa wowote.

Sasa ujibuji wenyewe. Saa mbili usiku inaingia hii:

"Habari. mashudu tani 30 mpaka kibaha bei gani"

Jibu la kampuni kongwe, ambalo nimeliona kwa macho yangu, ni: "Karibu ofisini." Mtu yuko Kibaha, zaidi ya kilomita mia nne! Jibu lingine baya ni bango la bei la mwezi uliopita. Tulilokubaliana ni la namna hii:

"Salama, karibu sana. Mashudu yapo. Bei ya leo kiwandani Kizota ni shilingi … kwa kilo, bila usafiri. Inadumu hadi kesho saa kumi jioni. Usafiri hadi Kibaha tutakupatia kesho asubuhi tukishazungumza na mwenye gari, au unaweza kuleta gari lako. Cheti cha maabara cha mzigo huu nimekiambatisha. Tukuandikie profoma kwa jina gani?"

Angalia yaliyomo: mzigo upo, bei inasimama hadi lini, kisichojulikana kitajulikana saa ngapi, ushahidi, na swali la kusogeza kazi mbele. Liweke kama jibu la haraka kwenye simu, bei ikibaki wazi ya kujazwa. Na kama ofisi imefungwa, ujumbe wa kujiendesha useme lini mtu atajibu. "Tutakujibu hivi punde" ni ahadi ambayo mlinzi wa usiku hawezi kuitimiza.

Hatua ya 5: Chagua mtandao mwingine mmoja, labda miwili

WhatsApp ndiyo nyumba. Mingine ni vibao vya njiani vinavyoelekeza nyumbani.

LinkedIn inakufaa kama wateja wako wana maafisa ununuzi wenye vyeo: benki, mashirika, kampuni za ujenzi, viwanda vya nje ya mkoa. Ukurasa wa kampuni unafunguliwa kupitia akaunti ya mtu, kwa hiyo weka wasimamizi wakuu wawili tangu siku ya kwanza, mmoja wao asiwe wewe. Facebook bado inawafikia mawakala wa wilayani na wenye magari. Kondoa, Mpwapwa na Manyoni utawapata huko. Instagram hutumika zaidi kuhakikisha kama upo kweli: mtu amepewa jina lenu, anaingia kuangalia kama kuna kiwanda au ni tapeli. Kurasa mbili zilizo hai zinatosha. Ukurasa uliokufa tangu Sabasaba ya mwaka juzi ni mbaya kuliko kutokuwa nao, maana mgeni anajiuliza kama na kampuni imekufa.

Usijenge nyumba yako yote kwenye kiwanja cha mtu. X, iliyokuwa Twitter, ilifungiwa nchini Mei 2025, na waliokuwa wameweka kila kitu huko walibaki wanatafuta pa kuanzia. Oktoba mwaka huohuo intaneti yenyewe ilizimwa kwa siku kadhaa kuanzia tarehe 29. Sisi tulikuwa na orodha ya namba za wateja iliyochapishwa kwenye karatasi. Tulipiga simu za kawaida kama zamani, na yule mzee wa mauzo alitamba wiki nzima.

Jambo la Dodoma hasa: bosi wako atatarajia kwamba mitandao italeta zabuni za wizara, kwa kuwa Mji wa Serikali uko palepale Mtumba. Mweleze mapema. Ununuzi wa umma unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni, na hakuna posti itakayokuombea zabuni. Kinachowezekana ni kufahamika kwa wakandarasi na wazabuni walioshinda, ambao sasa wanatafuta mtu wa kuwapa mzigo kwa wakati. Hao ndio wateja wako wa mtandaoni.

Hatua ya 6: Nini cha kuposti

Mnunuzi wa kampuni hanunui kwa fedha yake. Ananunua kwa fedha ya bosi wake, na mambo yakiharibika ataitwa ofisini kujieleza. Anaogopa mambo matatu: mzigo kuchelewa, mzigo kupungua, mzigo kuwa mbovu. Posti nzuri ni ile anayoweza kuituma kwa bosi wake kabla ya kuomba saini. Nikishafikiria hivyo, mabango ya "Wiki Njema" yanajifuta yenyewe.

Posti yetu iliyoleta simu nyingi kuliko zote ilikuwa video ya sekunde arobaini ya mizani. Lori tupu linapanda, namba inasomeka. Linaondoka, linarudi limejaa, namba inasomeka. Karani anatoa hesabu kwa sauti na kuandika. Hakuna muziki. Mnunuzi wa Morogoro aliyepunjwa huko nyuma na muuzaji mwingine alipiga akasema, "Nataka mizani ile."

Ya ubovu nayo ina historia hapa kwetu. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, kwenye mahindi iliua watu Dodoma na Manyara, na tangu hapo mnunuzi wa chakula, cha watu au cha mifugo, anauliza unyevu na uhifadhi kwa makini. Kwa hiyo posti za namna ya kupanga magunia juu ya chaga, kuyaacha mbali na ukuta, na kutopokea mzigo uliolowa njiani zinasomwa hadi mwisho na zinahifadhiwa. Onesha alama ya ubora ya TBS ikiwa mnayo, na cheti cha maabara chenye tarehe ya karibuni. Cheti cha miaka mitatu iliyopita kinasema mambo msiyotaka kusema.

Kalenda usiitoe kwenye orodha ya sikukuu za dunia. Itoe kwenye mwaka wa Kanda ya Kati. Alizeti inapandwa mvua zikianza, Desemba na Januari. Hapo zungumza na wakulima na mawakala kuhusu mbegu na mahali pa kuuzia. Kuanzia Mei mavuno yanaingia: tangaza vituo vya ununuzi, saa za kupokea, na kiwango cha ukavu mnachokubali. Bunge la bajeti linajaza mji hadi mwisho wa Juni, vyumba vya wageni vinapanda bei na magari yanakuwa ya shida, basi waambie wateja waagize mapema. Julai mosi mwaka wa fedha mpya unaanza, na wazabuni wanaamka. Agosti mwanzoni ni Nane Nane pale Nzuguni. Kila anayepita bandani mwenu aondoke na namba ya WhatsApp, na muwe na kibali chake cha kumwandikia.

Waalike wateja waje waone. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024, mnunuzi wa Dar anaweza kupanda asubuhi, akatembelea kiwanda, akala nyama choma na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Tulipoandika hivyo, pamoja na maelekezo kutoka stesheni hadi Kizota, walikuja watatu ndani ya mwezi. Wawili walinunua. Wa tatu alisifu nyama.

Kuhusu kupiga picha: fanya kazi asubuhi kabla jua halijawa kali, na ukumbuke upepo wa Dodoma. Sauti utakayorekodi uwanjani itakuwa vuuu tupu. Jikinge nyuma ya lori au ukuta wa ghala, au rekodi maelezo baadaye ofisini na kuyaweka juu ya video. Mashine ikiwa inakamua, usijaribu hata kuongea.

Halafu kagua pembe zote nne za picha kabla ya kuiposti. Nimejifunza kwa aibu. Niliposti picha nzuri ya kijana akipakia madumu. Nyuma yake kulikuwa na ubao mweupe, na kwenye ubao jina la msambazaji mmoja na bei aliyopewa. Msambazaji mwingine aliikuza picha. Alinipigia saa tatu kasoro, sauti imepoa kabisa, kupoa kwa mtu aliyekasirika hasa: "Mdogo wangu, mimi nanunua kwenu miaka tisa. Naomba nielezwe." Nilifuta picha, lakini bei ilikuwa imeshaonekana, na meneja mauzo ilibidi aende kwake mwenyewe hadi Kondoa. Siku hizi kabla ya kuposti natafuta ubao, karatasi mezani, namba za magari ya wateja, nyuso za watu ambao hawajakubali, na mfanyakazi asiyevaa kofia au glavu. Hilo la mwisho afisa ununuzi wa shirika kubwa ataliona kabla hajaona bidhaa.

Hatua ya 7: Karatasi moja ya kanuni

Usiandike sera ya kurasa ishirini. Hakuna atakayeisoma, na mwanasheria wa kampuni ataikalia hadi mwakani. Karatasi moja, ibandikwe ukutani:

- Bei inatajwa na mauzo pekee, kwa ujumbe wa faragha, na muda wake wa kudumu.
- Lalamiko linajibiwa ndani ya saa moja ya kazi, kwa jina la anayejibu, kisha linahamia kwenye simu. Hatubishani kwenye komenti.
- Hatutaji jina la mteja wala kuonesha mzigo wake bila ruhusa yake ya maandishi. Hata ujumbe wa "sawa" unatosha, uhifadhiwe.
- Siasa hapana. Mheshimiwa akitembelea kiwanda, utawala ndio unaoamua kama picha zitatoka.
- Mfanyakazi anaruhusiwa kusambaza posti za kampuni, halazimishwi.

Orodha ya wateja na namba zao ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inazitaka taasisi zinazokusanya taarifa za watu kujisajili kwa Tume yake. Mwulize mwanasheria wenu kama mmeshafanya hivyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nayo inagusa ujumbe usioombwa. Usinunue orodha ya namba kwa mtu anayeuza "namba elfu kumi za wafanyabiashara". Akikuandikia mtu "nitoe", mtoe siku hiyo.

Na matapeli. Kadiri kampuni inavyojulikana, ndivyo ukurasa bandia unavyokaribia: nembo yenu, picha zenu, namba ya malipo ya mtu mwingine. Bandika juu ya kila ukurasa, na kwenye kila profoma, kwamba malipo yanapokelewa kwenye akaunti yenye jina la kampuni peke yake, na kwamba akaunti haibadilishwi kwa ujumbe wa WhatsApp. Mteja akipata ujumbe wa "tumebadilisha benki", apige simu ya mezani. Kila Ijumaa nenda katafute jina la kampuni kwenye Facebook na Instagram. Ukikuta bandia, iripoti kwa mtandao husika, toa taarifa polisi, na waambie wateja haraka, bila kuona haya.

Hatua ya 8: Kupima

Ongeza safu moja kwenye kitabu cha profoma: "Ametufikiaje?" Anayeandika profoma anauliza, anajaza. Safu hiyo ya kalamu itakueleza mengi kuliko takwimu zote za kwenye skrini. Mwisho wa mwezi mpe mkurugenzi namba nne kwenye nusu karatasi: maswali mapya yaliyoingia kwenye laini ya kampuni, muda wa wastani wa kujibu, profoma zilizotoka humo, na oda zilizolipwa. Waliopenda picha waache walikopenda.

Usikubali kupimwa kwa miezi mitatu peke yake. Mnunuzi mwenye mkataba na muuzaji mwingine anasubiri uishe, na wa alizeti anasubiri mavuno. Tulikuwa na mtu aliyetazama stetasi zetu za WhatsApp kila siku, kimya, kuanzia Septemba hadi Juni. Juni akaandika: "Nimewafuatilia muda. Naanza na tani kumi." Kumbe muuzaji wake wa zamani alikuwa amemwangusha msimu huo.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka kwako

Ipange ukiwa bado unaipenda kazi. Weka karatasi moja kwenye lile kasiki: akaunti zote, wasimamizi wake ni nani, barua pepe iliyofungulia kila moja (iwe ya kampuni, isiwe yako), laini, namba ya siri, mahali zilipo picha halisi, na majibu ya haraka yaliyochapishwa. Kila robo mwaka mtu mwingine ajaribu kuingia kwa kutumia karatasi hiyo pekee, wewe ukiwa umekaa pembeni umenyamaza. Mara ya kwanza atakwama, na hapo utajua ulichosahau kuandika.

Mimi niliikabidhi simu ya ofisi kwa saini, ikiwa na mazungumzo yote ndani, lebo zote, na jina la kila mteja pamoja na afisa wake. Nilikabidhi na chaja. Naambiwa chaja ilipotea wiki ileile.